Fuso na semi, ipi ngumu? Nimeendesha zote, nisikilize kabla hujapanda

Siku yangu ya kwanza kwenye semi, yaani kichwa tunachokiita hosi kinavuta tela refu, nilikua tayari nina miaka sita kwenye Fuso, lori la kawaida lisilo na tela, leseni daraja E ninayo, barabara ya Dar mpaka Njombe naijua kona kwa kona, na najiona dereva kamili. Msimamizi wa yadi akanionyesha nafasi kati ya matela mawili, akaniambia ingiza kinyumenyume pale kisha uje ofisini uchukue karatasi. Ilinichukua karibu dakika arobaini. Nilitoka nimeloa jasho mpaka kwenye soksi na tela bado limekaa upande, akapanda mzee mmoja wa pale akaliingiza kwa mkupuo mmoja mkono mmoja uko dirishani. Hakunicheka. Aliniambia tu, mwanangu, wewe unaendesha hosi, hujaanza kuendesha tela.

Kwa hiyo dogo yeyote akiniuliza kijiweni, braza eti semi ni ngumu kuliko Fuso, mimi nakumbuka hayo maneno kwanza ndo namjibu. Jibu langu ni kwamba ugumu wa semi watu wanautafuta sehemu ambayo sio. Wanaogopa urefu na rivasi, wakati rivasi ukikosea unagonga ukuta unalipa au unakatwa mshahara basi yameisha. Kinachoua kwenye semi ni mteremko na uzito. Na Fuso nayo ambayo watu wanaidharau ina mambo yake ambayo dereva wa semi ukimpa leo asubuhi anaweza kukuharibia mzigo wote kabla ya saa sita.

Ngoja nianze na hiyo rivasi maana najua ndo inawakosesha watu usingizi. Fuso gari lote ni kipande kimoja, ukikata usukani kulia mkia unaenda kulia, mwili wako unaelewa wenyewe bila kufikiri. Semi inakunjika katikati pale tela lilipokalia mgongo wa hosi, sasa wakati wa kurudi nyuma ukikata kulia hosi inasukuma mdomo wa tela na mkia wa tela unaenda kushoto. Akili inagoma kabisa. Mimi kilichonisaidia ni kushika usukani chini badala ya juu, pale kwenye saa sita, alafu unapeleka mkono upande ule ule unaotaka mkia wa tela uende. Kata kidogo, subiri uone tela linajibu nini, ndo uongeze au upunguze. Wageni wote tunakosea hapo hapo, unakata, unaona halijibu, unakata zaidi, ghafla linajibu lote kwa mpigo na hosi na tela vinakunjana. Likishaanza kukunja usipambane nalo, nenda mbele nyoosha anza upya, hakuna aliyewahi kufukuzwa kazi kwa sababu ya kwenda mbele mara tatu. Na kama nafasi inaruhusu panga gari ili tela likunje upande wako wa dereva, huku kwetu kulia, maana upande huo unaona matairi ya nyuma kwa macho yako. Likikunja kushoto kioo kinakuonyesha ubavu wa tela tu, huko nyuma kuna nini hujui, labda utingo wako ashuke na awe mtu unayemuamini. Mimi nashuka mwenyewe naenda kuangalia, hata kama kuna foleni inapiga honi.

Alafu kuna pulling. Hii ni gari zima lenye bodi yake linavuta tela kwa nyuma kwa mtaimbo, na lile tela ekseli yake ya mbele nayo inazunguka, kwa hiyo una sehemu mbili za kukunja badala ya moja. Kwenda mbele ni tamu kuliko semi maana inafuata vizuri kwenye kona. Kurudi nyuma nimeona madereva wa miaka ishirini wanakata tela wanaliacha, wanaona bora hivo kuliko kuhangaika nayo. Usianze na hiyo.

Kona sasa. Fuso ya bodi ndefu hatari yake iko nyuma ya matairi, ile bodi iliyotokeza nje ya ekseli ya nyuma. Ukikata kushoto kwa nguvu, mkia unatoka kulia, na kama kuna bajaji imesimama ubavuni kwako unaipangusa bila kujua. Semi ni kinyume, yenyewe inakula ndani, matairi ya tela hayapiti ulipopita wewe, yanakata njia ya mkato. Na kwa sababu tunaendesha kushoto, kona ya kushoto ndo nyembamba, ndo inayotesa. Mwaka wangu wa kwanza niliingia kushoto kwenye yadi moja pale Ilula, vioo nimeangalia vya kulia tu, matairi ya tela yakapanda kalavati yakaenda kusaga matenga ya nyanya za mama mmoja aliyekua kapanga pembeni. Yeye alikua kasimama upande wa pili anaongea na mteja. Nililipa zile nyanya zote na usiku ule sikula, maana angekua amekaa kwenye kigoda chake kama alivyokua amekaa dakika tano nyuma, ningekua naandika habari nyingine kabisa. Tangu siku ile kona ya kushoto nanyoosha mpaka pua imepita kabisa nilipokua nafikiri inatosha, ndo nakata, na jicho liko kioo cha kushoto muda wote, sio kutupia mara moja. Na ujue ukijivuta kulia ili upate nafasi, bodaboda wanaona umewaachia njia wanaingia kwenye ule upenyo kushoto kwako, na tela linakuja kufunga hapo hapo. Kwa hiyo nafasi ya kushoto iache ndogo kiasi kwamba pikipiki haiwezi kuingia, simama kama ni lazima usimame.

Sasa nije kwenye uzito maana hapa ndo nilipotaka kufika. Fuso ya ekseli mbili kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ni tani 8 mbele na tani 10 nyuma, jumla 18, gari na mzigo wake. Semi yenye hosi ya tandam, yaani ekseli mbili za pamoja nyuma, na tela la ekseli tatu ni 8, 18 na 24, jumla tani 50. Pulling ya ekseli saba ndo inafika 56 ambayo ni mwisho. Hebu soma hizo namba tena taratibu alafu jiweke juu ya mlima wa Kitonga kule Iringa unashuka kuja Mahenge. Fuso ukikosea gia unaweza ukapata nafasi ya kujirekebisha kwa breki, na hata hapo sio kila siku. Tani hamsini hazikupi hiyo nafasi.

Na mimi somo hili sikulipata kwenye semi, nililipata kwenye Fuso. Nilikua na viazi kutoka Makambako, lumbesa zimepangwa mpaka juu, nimechelewa na soko halisubiri, nikaanza kushuka Kitonga na gia niliyokua natembelea barabara ya tambarare, mguu uko kwenye breki kidogo kidogo muda wote. Nilianza kusikia harufu ile ya lainingi, vile vipande vinavyobana ngoma za breki, kuungua, utingo akaniangalia, na mimi nikakanyaga nikakuta pedo inaenda chini na gari halipungui kama lilivyozoea. Niliingiza gia kwa kulazimisha, giaboksi ikalia, nikaikamata, nikasogeza gari ukutani upande wa mlima na namshukuru Mungu hakukua na lori linapanda kwenye ile kona. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima ngoma zinatoa moshi. Ingekua semi na kosa lile lile, hiyo saa nzima ya kukaa tusingeipata.

Kinachotokea ni moto tu. Breki inageuza mwendo kuwa joto, ukikanyaga kidogo kidogo bila kuachia ngoma hazipumui, zikishapata joto kali lainingi hazishiki tena hata ukisimama juu ya pedo kwa miguu miwili. Ndo maana mlima unaushuka na gia uliyopandia au ndogo zaidi, na unaiingiza kabla ya kuanza kushuka, sio katikati. Eksozi breki au ritada, yaani zile breki za kusaidia zisizotumia lainingi, ndo ifanye kazi kubwa, breki ya mguu unabana vizuri mwendo unapungua kilomita kama kumi kwa saa, unaachia kabisa, ukipanda tena unabana tena. Na mambo ya kutia fri, yaani kutoa gia, mteremkoni eti unaokoa mafuta, naomba kwa heshima zote uache leo. Lita mbili za dizeli. Nimepita Mlima Senjele na mteremko wa Iwambi mara nyingi nimekuta magari yamelala ubavu, na madereva wengine walikua watu ninaowajua kwa sura, tuliokula nao ugali Tunduma tukisubiri boda.

Semi kuna kitu kingine ambacho Fuso haina, yaani tela linaweza kuanza kulala wewe uko kwenye kabini hujui lolote. Fuso ikiinama unaisikia kwenye kiti. Kwenye semi hosi imekaa sawa, redio inaimba, huko nyuma matairi ya upande mmoja yameshaachia lami, ukija kuhisi limeshakuvuta na wewe. Kwa hiyo mwendo wa kwenye kona unaupunguza kabla, wakati bado umenyooka. Alafu mvua na tela tupu, hapo ongeza umakini mara mbili. Watu wanadhani tupu ni rahisi. Tupu matairi hayana uzito wa kushika lami, ukibana breki kwa hasira au ukaacha ritada kali kwenye lami yenye maji, matairi ya hosi yanateleza, tela linaendelea kusukuma, na gari linakunjana katikati ya barabara. Ukiwa tupu na kuna mvua ritada zima kabisa au weka hatua ya chini, na umbali wa mbele uongeze sana.

Nikirudi kwenye Fuso, jamani hii gari isidharauliwe. Semi muda mwingi iko kwenye lami, inatoka bandarini inaenda mpakani, wanakupangia wapi ushushe. Fuso ndo inaingia shambani Makete masika udongo umekua kama sabuni, inavuka daraja la mbao ambalo hujui nani alilipigilia na lini, inarudi nyuma usiku kwenye vichochoro vya Kariakoo huku mikokoteni inapita pande zote. Siku moja unashusha sehemu nne. Mzigo unausimamia mwenyewe, na ukikubali wakupangie viazi juu sana kuliko bodi inavyoweza kubeba, wewe ndo utabeba hilo jambo kwenye kona, sio mwenye viazi. Mizani nayo ekseli ya nyuma inazidi kirahisi sana kwenye gari fupi, gunia chache zikisogea nyuma umeshaharibu. Dereva aliyekomaa kwenye Fuso ya shamba anajua kusoma barabara, na hilo halifundishwi kwenye semi.

Ndo maana ushauri wangu kwa anayetaka kupanda semi ni kwamba usiruke. Kaa kwenye gari dogo mpaka gia, vioo na breki viwe vimeingia mwilini. Alafu tafuta mafunzo ya kweli, Chuo cha Usafirishaji pale Mabibo wanafundisha magari makubwa, VETA pia wapo, na usione aibu kwamba wewe tayari unaendesha. Omba kwenye yadi wakuruhusu Jumamosi mchana uchukue hosi na tela tupu, panga madumu manne chini, rudisha mpaka uchoke. Safari za kwanza tatu omba upande na mzee, na umuombe akuache wewe ushuke Kitonga yeye akae pembeni anakuangalia, maana wengi wanakupa usukani Mikumi kwenye tambarare alafu milimani wanachukua wenyewe, na hapo hujajifunza kitu zaidi ya kuepa nyani.

Na jambo la mwisho ambalo kwenye Fuso halipo kabisa, kuunganisha tela. Nimeona tela limedondoka getini na kontena juu yake kwa sababu dereva alisikia mlio wa "kaa!" akaamini limefunga. Mlio sio ushahidi. Ukishaingia chini ya tela shuka na tochi hata kama ni mchana, chungulia uone taya za sahani, ile ya mgongoni mwa hosi inayobeba tela, zimeshika pini ya chini ya tela na hakuna upenyo kati ya sahani na tela. Panda, breki za tela zikiwa zimefungwa, weka gia ndogo uvute kidogo, likigoma vuta tena mara ya pili. Ndo uunge mipira ya upepo, mwekundu na wa njano, na waya wa taa, usubiri geji ya upepo ijae huku unasikiliza kama kuna sehemu inavuja. Miguu ya tela ipandishe mpaka juu kabisa, hendo uifunge. Zunguka gari lote kwa miguu, gonga matairi, angalia taa za nyuma. Mimi inanichukua kama robo saa kila asubuhi na wenzangu wanaondoka wananiacha, tunakutana Chalinze wakiwa bado wanakunywa chai.