Saa za kusubiri kazi zina ujira: jibu kwa msimamizi wa zamu

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha mikate hapa Dar es Salaam, na vibarua wetu hulipwa kwa saa. Tajiri ameagiza wafike saa kumi alfajiri, lakini unga ukichelewa au umeme ukikatika, saa zao huanza kuhesabiwa pale tanuri linapowashwa, hata ikiwa ni saa moja asubuhi. Anayechelewa dakika kumi hukatwa ujira wa saa mbili. Nikimweleza, hujibu kwamba walikubali wenyewe na kwamba Waislamu hufungwa na masharti yao. Mimi ndiye ninayeandika daftari. Nina watoto watatu na sina kazi nyingine. Je, nami nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, swali lako limenishughulisha, kwa sababu hoja ya tajiri wako nimeisikia kwa wafanyabiashara wanaoswali safu ya kwanza, nao huitamka kwa utulivu wa mtu aliyeshika dalili mkononi. Kwamba kumdhulumu kibarua ni haramu, hilo yeye mwenyewe halipingi. Anachodai ni kwamba saa za kusubiri si saa za kazi, na kwamba ridhaa ya kibarua imemwondolea yeye lawama. Madai yote mawili ni batili.

Wanazuoni wa fiqhi wametofautisha waajiriwa wa namna mbili. Yupo anayekodiwa kwa kazi maalumu, kama fundi cherehani anayepokea vitambaa vya watu wengi; huyu akikaa bila kushona hana anachodai. Na yupo anayekodiwa kwa muda wake, ambaye huitwa ajiri khaas, na vibarua wenu ni wa namna hii, kwa kuwa mnawalipa kwa saa. Huyu hustahiki ujira kwa kujisalimisha kazini katika muda aliokodiwa, akiwa tayari kufanya kazi. Majalla, kanuni ya dola ya Uthmania iliyojengwa juu ya madhehebu ya Kihanafi, inasema katika kifungu cha 425 kwamba kufanya kazi kwa vitendo si sharti la kustahiki ujira, ila asikatae kazi anapopewa. Katika madhehebu yetu ya Kishafi'i pia, aliyekabidhiwa alichokikodi, muda ukapita bila kukitumia, imemlazimu kulipa ujira. Tajiri wako akikodi lori kwa siku nzima, likashinda limeegeshwa uani kwa sababu mzigo haukufika, hatathubutu kumwambia mwenye lori kwamba magurudumu hayakuzunguka. Vipi basi amwambie hivyo binadamu aliyeamka usiku wa manane akapanda daladala ya kwanza? Faida ya siku njema hawagawii. Kwa nini hasara ya siku mbaya iwe yao?

Ama Hadithi anayoisoma, ameisoma nusu. Katika mapokezi ya Tirmidhi, Mtume (rehema na amani zimshukie) amesema kwamba Waislamu wako juu ya masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au linalohalalisha haramu. Sharti la kumzuilia mtu saa tatu bila malipo, naye hawezi kuondoka, ni kula mali ya mtu kwa batili hata likiandikwa kwa wino wa dhahabu. Na ni ridhaa gani hiyo ya mtu ambaye akisema hapana, jina lake halionekani kwenye ratiba ya kesho? Lau wangearifiwa usiku kwamba unga haujafika, wakabaki majumbani au wakatafuta riziki kwingine, wasingekuwa na haki ya kudai. Lakini wameitwa, wamefika, na mlango umefungwa nyuma yao.

Kuhusu kuchelewa, dakika kumi ambazo hakuwepo hazina ujira, na kuzikata ni haki. Kinachozidi hapo ni kuchukua jasho ambalo mtu amekwisha kulitoa. Wapo wanaotegemea ruhusa ya sharti la fidia, yaani kiasi kinachokubaliwa mapema kwa atakayevunja mkataba, iliyotolewa na Baraza la Kimataifa la Fiqhi katika kikao cha Riyadh mwaka 2000, lakini ruhusa hiyo imefungwa kwenye hasara halisi ya mali. Tajiri aonyeshe dakika kumi zimemtia hasara gani inayolingana na saa mbili.

Sheria ya nchi nayo imo katika mkataba, kwani linalojulikana kwa ada ni kama lililoshartiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa kazi ya usiku, yenye nyongeza ya asilimia 5. Kwa hiyo katika saa tatu anazozifuta, mbili za mwanzo ndizo hasa zilizostahiki kuongezwa.

Sasa nakugeukia wewe. Mwenyezi Mungu amesema tusisaidiane katika dhambi na uadui, na daftari ni ushahidi. Kuandika saa moja kwa mtu aliyefika saa kumi ni kusema uongo juu ya haki yake. Hata hivyo sikuamuru uache kazi leo ukawaache watoto na njaa. Weka safu mbili, ya kufika na ya tanuri kuwashwa, uandike ukweli katika zote mbili, kisha malipo ayaamue yeye kwa ulimi wake, bila kalamu yako. Ukiamriwa kufuta safu ya kwanza, usitii, na anza kutafuta kwingine. Kabla ya hapo mwendee faraghani, bila kumfedhehesha, ukiwa na hesabu ya wiki mbili au tatu. Pengine ataona kwamba kumpigia simu mwenye unga jioni na kubadilisha zamu mapema ni rahisi kuliko deni hili.

Deni la nyuma halifutwi kwa tende anazogawa Ramadhani, maana sadaka hailipi ujira. Waliopo walipwe. Walioondoka watafutwe, na fungu lao litunzwe kama alivyofanya yule mmoja wa watu watatu wa pangoni katika Hadithi, aliyeukuza ujira wa kibarua wake hadi aliporudi akakuta kundi la mifugo. Tajiri akikata tamaa kabisa ya kuwapata, autoe ujira huo sadaka kwa niaba yao, na mwenye haki akitokea akadai, alipwe. Kwa hili anahitaji majina na tarehe, navyo vimo katika daftari lako, basi madaftari ya zamani usiyatupe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.