Mkono wa mama haufunguki: mashine isome misuli au ubongo?

SWALI: Mama alipata kiharusi miezi minane iliyopita. Anatembea, lakini vidole vya mkono wa kulia havifunguki. Mtaalamu wa fiziotherapia ana mashine inayosoma misuli kisha inapitisha umeme. Binamu yangu aliyeko Marekani anasema tusubiri ile inayosoma ubongo. Tufanyeje? – Binti yake, Tanga

JIBU: Dada, msisubiri. Mlaze mama mkono mezani, mwambie anyooshe vidole, nawe gusa mgongo wa kigasha chini kidogo ya kiwiko. Ukihisi msuli unashtuka, hata kama vidole havisogei, ya misuli inamfaa.

Pedi mbili za kusoma hubandikwa hapohapo kufuata urefu wa msuli, zikiachana kama sentimita 2 kati kwa kati. Ya tatu hukaa kwenye mfupa wa kiwiko. Ngozi ifutwe kwanza kwa spiriti. Mafuta ya nazi aliyojipaka asubuhi huharibu kila kitu: pedi haishiki, mashine inadaka mvumo wa umeme wa ukutani, hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), na kudhani ni msuli. Shoti inakuja mama katulia tu, na hapo hamna zoezi, maana jitihada yake ndiyo itangulie.

Kinachokosewa zaidi ni kiwango cha kuamsha mkondo, yaani nguvu ya msuli ambayo mashine huisubiri ndipo ipitishe umeme. Kikiwa juu mno, atainua bega na kukaza mkono mzima. Kikiwa chini mno, halazimiki kujaribu. Kiwe pale anapofika mara nyingi, ila kwa jasho. Akifika, mkondo wa mipigo 35 hadi 50 kwa sekunde humalizia kufungua vidole kwa sekunde 5 hivi, kisha apumzike sekunde 10 au zaidi. Mpeni kikombe cha plastiki ashike na kuachia, asifungue mkono bila kitu. Vidole vikianza kufunguka nusu, msuli umechoka, pumzisheni.

Ile anayoitaja binamu yako ni kofia inayosoma ubongo; hutafuta mawimbi ya hezi 8 hadi 13 yanayofifia mtu anapokusudia kusogeza mkono. Ni ishara hafifu: kukaza meno tu huifunika, na nywele zilizosukwa huzuia elektrodi (vipande vya kofia vinavyopokea ishara) kugusa ngozi. IpsiHand, mashine mojawapo ya aina hiyo, iliyoidhinishwa Marekani Aprili 2021 kwa watu wazima waliotimiza miezi 6 tangu kiharusi, husoma upande wa ubongo ambao haukudhurika. Njia hiyo ningeifikiria kwa ambaye msuli wake uko kimya kabisa.

Kama mama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kifafa, au kidonda mahali pa pedi, mwambieni mtaalamu kabla mashine haijawashwa.