Kwa nini Malkia Elizabeth wa Pili alivaa rangi kali

Je, Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alivaa rangi kali kwa kupenda urembo tu? Hapana. Alizivaa hasa ili aonekane. Alikuwa mfupi wa kimo, na watu waliosimama nyuma kabisa ya umati, wengine wakiwa wamengoja tangu alfajiri, walistahili kuiona angalau kofia yake ikipita, jambo ambalo vazi la kijivu au la maji ya kunde lisingeliwezesha. Mimi ni fundi cherehani hapa River Road, na ukizichunguza picha zake kwa jicho la ufundi utaona kwamba hata ukingo wa kofia ulikatwa kwa namna ambayo haikuuficha uso. Rangi ilibeba ujumbe pia: alipowasili Dublin tarehe 17 Mei 2011, akiwa mtawala wa kwanza wa Uingereza kuizuru Jamhuri ya Ayalandi, alivaa kijani, rangi ya taifa hilo, na heshima hiyo ilieleweka kabla hajatamka neno. Desturi hiyo ya rangi kali ilihusu shughuli za hadhara pekee, kwa kuwa mapumzikoni Balmoral, kasri lake huko Uskoti, alijifunga kitambaa kichwani kama mama yeyote wa shambani.