Binti Yangu Amepelekewa Hati ya Serikali Marekani

SWALI: Binti yangu huandaa madai ya bima katika kampuni inayohudumia wagonjwa majumbani huko Marekani. Amepelekewa hati ya Wizara ya Sheria inayomtaka atoe nyaraka, ajibu maswali kwa maandishi na afike kuhojiwa kwa kiapo, ilhali hakuna kesi iliyofunguliwa. Je, ameshtakiwa? Tena bosi wao amewaagiza wafute ujumbe wa WhatsApp uliohusu ratiba za wauguzi.
Muuguzi mstaafu, Uyole, Mbeya

JIBU: Hajashtakiwa, mama. Kwa maelezo yako, hiyo ni hati ya kudai ushahidi inayotolewa chini ya Sheria ya Madai ya Uongo, iliyotungwa mwaka 1863 kuwabana wazabuni waliolilaghai jeshi na ambayo leo hutumika sana dhidi ya wanaoidai Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, malipo ya huduma zisizotolewa. Mamlaka ya kutoa hati hiyo yaliongezwa katika sheria mwaka 1986, na sharti lake mojawapo ni kwamba hati itolewe kabla serikali haijafungua kesi ya madai. Kwa hiyo kutokuwapo kwa kesi si kasoro hata kidogo. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Afya naye ana hati yake, lakini hiyo kwa kawaida hudai nyaraka tu.

Anayeona ameombwa kupita kiasi anaweza kuiomba mahakama ya shirikisho iitengue au iipunguze hati hiyo ya Wizara ya Sheria, ndani ya siku 20 tangu alipoipokea, au kabla ya tarehe ya kuitekeleza ikiwa ni fupi zaidi. Akikaa kimya, serikali itakwenda mahakamani kuomba amri, na kuikaidi amri hiyo ni kudharau mahakama. Siri ya mgonjwa, ambayo wewe kama muuguzi ungeitaja kwanza, kwa kawaida haizuii, kwa kuwa sheria ya huko inaruhusu kumbukumbu za wagonjwa zitolewe kwa vyombo vinavyosimamia huduma za afya.

Agizo la kufuta ujumbe ndilo linalonitia hofu. Kuharibu kumbukumbu kwa nia ya kukwamisha uchunguzi wa serikali ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 20. Madai ya uongo huenda yakawa ya kampuni, lakini kufuta kutakuwa kwake mwenyewe. Asifute chochote, na atafute wakili wake binafsi mapema, kwani wakili wa kampuni anaitetea kampuni. Siku ya kuhojiwa ana haki ya kuandamana na wakili huyo, na ya kukataa swali ambalo jibu lake lingemtia hatiani.