Nauli, siri na chupa ya damu: majibu kwa wanaotaka kujitolea

Maswali mengi niliyopokea safari hii yanahusu kujitolea kwenye afya ya mtaa: nani anaruhusiwa, analipwa nini, abebe siri zipi. Nimechagua matano. Najibu kama mtu aliyepita nyumba kwa nyumba na begi begani kwa miaka mingi, na bado napita.

Mimi ni mama lishe, Mbagala, elimu yangu darasa la saba. Mwanangu alipopata utapiamlo, aliyemgundua ni mhudumu wa mtaani. Nami natamani kusaidia watoto wa wenzangu ila sina cheti chochote. Nianzie wapi?

Dada, pita kwanza ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe, kisha nenda zahanati umwone mganga mfawidhi. Mwambie una siku gani na saa ngapi, na usijipunje wala usijikweze. Ukisema Alhamisi asubuhi, iwe Alhamisi asubuhi kila wiki. Siku ya kliniki ya watoto muuguzi huyo huyo mmoja anapima uzito, anaandika kadi na anachoma chanjo, huku foleni imefika nje. Mtu wa kuwapanga kina mama na kuwasaidia kwenye mzani anahitajika sana, na haombwi cheti.

Ukishazoeleka, omba ufundishwe utepe wa kupimia mkono, ule unaoonyesha kwa rangi kama mtoto ana utapiamlo. Ni kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Unazungushwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Kuanzia sentimita 12.5 ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na mtoto huyo aende kituoni siku hiyo hiyo. Kuusoma utajua kwa asubuhi moja. Kazi ngumu inaanza rangi ikishaonekana. Siku moja nilipima mtoto uani, utepe ukasoma nyekundu, mama yake akamfunika haraka kwa kanga na kuniuliza kwa sauti ya chini kama majirani wameona. Ningeanza kumweleza habari za lishe pale, ningempoteza. Nilimuuliza kama ana nauli, hakuwa nayo, tukapanda bodaboda moja hadi kituoni. Wewe umewahi kuwa mama yule, kwa hiyo utajua cha kusema na cha kuacha. Na kwa mtoto aliyeko kwenye kijani, wewe unayepika kila siku utaeleza uji wa karanga na dagaa waliosagwa vizuri kuliko bango la ukutani.

Nimejitolea miaka mitatu hapa Ifakara, nagawa vyandarua, nafuatilia wajawazito, naandika ripoti. Nalipwa posho siku ya semina tu. Rafiki zangu wananiambia natumiwa. Wanakosea?

Kijana wangu, hawakosei sana. Mtu anayetoa saa mbili kwa wiki anajitolea. Mtu anayepangiwa kaya, anayejaza rejista na kudaiwa ripoti kila mwezi anafanya kazi, na kazi hulipwa. Wahudumu wa aina yako wamebeba afya ya msingi ya vijiji vyetu, na wengi wameacha kwa sababu moja tu: watoto wao nao wanakula.

Serikali zimeanza kulikubali hilo. Kenya, Septemba 2023, ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, kwa mpango wa posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Tanzania ilizindua mpango wake Januari 2024, ukilenga wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, wenye mafunzo na malipo. Nenda kwa mtendaji wako uulize kijiji chenu kitafikiwa lini, na mkutano wa kijiji ukiitishwa kuchagua majina, uwepo. Daftari lako la miaka mitatu lichukue. Wanaokujua ndio watakaonyoosha mikono.

Hata kabla ya hapo, usikubali kutumia mfuko wako. Nauli, vocha, buti za mvua, hivyo mdai anayekutuma. Nimeona wajitoleaji wazuri wakikopa ili wafike kwa mgonjwa, halafu wanaacha kimya kimya wakiona aibu, na wagonjwa wao wanabaki wakichungulia mlangoni.

Ni kweli ukichangia damu mara moja utalazimika kuchangia maisha yako yote, la sivyo itakuzidi mwilini?

Si kweli. Mwili hutengeneza damu kwa kiasi chake na haukudai chochote. Kinachotolewa ni mililita 450 hivi. Ukiwa na miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na wingi wa damu ukakutwa vizuri, unafaa. Mwanaume arudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Nakusihi uchangie hasa shule zikiwa zimefungwa, kwa kuwa wanafunzi ni wachangiaji wetu wakubwa na likizo hukausha benki za damu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hangoji muhula ufunguliwe.

Namtembelea mgonjwa wa kifua kikuu kumkumbusha dawa. Majirani wananiuliza anaumwa nini, na mama mkwe wangu ananikasirikia nikikataa kusema. Nifanyeje?

Mdogo wangu, endelea kukataa. Mtaa wetu ni wa ukuta mmoja, kikohozi cha jirani unakisikia ukiwa kitandani, na kila mtu anaona ana haki ya kujua. Lakini jina la ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Likitoka kinywani mwako mara moja, yeye ataacha kukufungulia mlango, na atakayeanza kukohoa mwakani hatakwenda kupima kwa kuwa ameona yaliyompata mwenzake.

Njia iliyonisaidia mimi ni kupita nyumba nyingi. Ukiingia nyumba moja tu, umeshamtangaza. Ingia na ya pembeni, ulizia kadi za watoto, salimia wazee, kunywa maji. Begi lenye maandishi liache nyumbani. Usiseme "dawa" barabarani. Kwa mama mkwe usiwe mkali: mwambie, "Mama, ningekuwa naumwa mimi, ungependa wakuambie wewe au wamwambie mtaa mzima?" Halafu mpe kitu anachoweza kukisema kwa majirani, kwa sababu ni kweli na hakimtaji mtu: kikohozi cha wiki mbili kipimwe, vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya serikali, tiba ya kawaida ni miezi sita, na mtu akinywa dawa zake sawasawa uwezo wa kuambukiza wengine hushuka mapema. Mara nyingi anayeuliza sana ana hofu yake mwenyewe. Huenda hata ndani mwenu kuna anayekohoa.

Ni mwalimu mstaafu, miaka 66, mjane. Watoto wako mbali. Nikimaliza kusikiliza taarifa ya habari ya asubuhi sina la kufanya hadi usiku. Nguvu za kuzibua mitaro sina. Kuna kazi kwa mtu kama mimi?

Shikamoo mwalimu. Ipo, na barua yako nimeisoma mara mbili.

Mwaka 2006, mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Aliwafundisha kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu aliyeelemewa. Kishona wanauita mzigo huo kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Sisi tunasema tu, "ana mawazo." Utafiti wao wa watu 573, uliochapishwa 2016, ulionyesha kuwa waliokaa na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yamefika hadi Zanzibar.

Wale bibi walifundishwa na wanasimamiwa, nawe omba hivyo. Siri utunze kama nilivyomwambia mdogo wangu hapo juu, isipokuwa moja: mtu akikwambia anataka kujiua, usilale nalo. Mpeleke kwa mganga saa ile ile, usimwache peke yake.

Kwa kuanza, uliza zahanati yako siku ya kliniki ya presha na kisukari. Wazee wenzako hufika asubuhi na mapema, wengine hawajala, wakasubiri saa nyingi bila wa kuongea naye. Nenda ukae katikati yao, uwasomee vidonge vinavyonywewa kwa siku, uwaulize walivyoamka.