Uliza Mwalimu wa Kemia: Ile bondi ya pili ya etheni inaenda wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha nne, Morogoro. Tumefundishwa alkeni zinaondoa rangi ya maji ya bromini. Sasa polithini si inatengenezwa na etheni, na etheni si ni alkeni? Nikiwa maabara nikatumbukiza kipande cha mfuko kwenye maji ya bromini, nimesubiri mpaka kipindi kimeisha, rangi ya chungwa ipo vilevile. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea popote, ulichokiona ndo jibu lenyewe, na nimefurahi sana kwamba umejaribu mwenyewe badala ya kukariri.

Anza na etheni yenyewe. Ina kaboni mbili na hidrojeni nne basi. Kila kaboni ina mikono minne, miwili imeshika hidrojeni, miwili iliyobaki imemshika kaboni mwenzake, ndo hiyo tunaita bondi mbili, na chenye bondi hiyo ndo alkeni. Wanafunzi wengi hapa wanateleza, wanadhani bondi mbili maana yake nguvu mara mbili, kumbe hapana. Kuvunja bondi moja ya kaboni na kaboni kunataka kama kilojuli 347 kwa moli, ile maradufu inataka kama 612, sasa we piga hesabu, ya pili imeongeza 265 tu. Ya kwanza, sigma, imekaa katikati kabisa baina ya kaboni na kaboni, na ya pili, yaani pai, imetandazwa juu na chini ya molekuli, ipo nje nje, kwa hiyo chochote chenye njaa ya elektroni kikipita kinaanza na hiyo. Bromini inafanya hivyohivyo, inaifungua pai, inajishika kwenye kaboni, na kinachopatikana hakina rangi, ndo maana ukiwa na etheni maji yanabaki bila rangi.

Kiwandani sasa hakuna bromini, pai ikifunguka mkono ulioachwa wazi unamkamata etheni wa jirani, naye pai yake inafunguka anamkamata mwingine, inaenda hivyo mpaka mnyororo unafika maelfu ya kaboni. Na kila mara unatoa pai ya 265 unapata sigma ya 347, kwa hiyo joto linatoka na kazi ikishaanza inajisukuma yenyewe. Mnyororo ukiisha, pai zote zimeshatumika. Jina la etheni limebaki lakini alkeni haimo tena, umeshika alkani, yaani yenye bondi moja moja tu, ndefu sana mkononi, na alkani haina shida na bromini yako.

Mwanzo wa polithini ulikuwa bahati kabisa. Mwezi Machi 1933 huko Winnington, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI walibana etheni pamoja na benzaldehidi kwa presha kubwa, kama mara 1,900 ya hewa tunayovuta, joto nyuzi 170, walikuwa wanatafuta kitu kingine kabisa, asubuhi wakakuta unga mweupe kama nta. Walivyojaribu tena ikawashinda. Mpaka Desemba 1935 Michael Perrin na wenzake wa kampuni hiyohiyo walipofanikiwa, na siri ikaja kujulikana kwamba ni oksijeni kidogo sana iliyoingia na ile gesi, hiyo ndo ilikuwa inafungua pai ya kwanza.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi mama muuza ndizi, Tukuyu. Mkungu tukiuvundika kwenye shimo na moto kidogo pembeni unaiva haraka kuliko ukiachwa wazi. Ni joto tu au kuna kingine?

JIBU: Nzuri mama. Joto linasaidia, ila mwenye kazi ni etheni, hiyohiyo niliyomwelezea huyo kijana. Tunda linaloiva linaitoa lenyewe, mtafiti Richard Gane alithibitisha hilo kwa matofaa mwaka 1934, na moshi wa kuni nao una etheni ndani yake. Ukiliacha wazi upepo unaichukua, ukifunika inabaki humo inazigonga na zile mbichi. Hata nyumbani funga ndizi mbichi na parachichi moja lililoiva utaona.

SWALI: Mwalimu, nyumbani tunawashia jiko la mkaa kwa nailoni, inawaka vizuri sana. Ina madhara?

JIBU: Ndugu yangu, huo mfuko wa rambo si nailoni. Nailoni ni ile ya nyuzi za mswaki, mkemia Wallace Carothers aliitengeneza Marekani 1935 na haitokani na alkeni. Mnachowasha ni polithini, na inawaka vizuri kwa sababu ni ndugu wa mshumaa, angalia inavyodondosha matone ya moto na harufu yake inavyofanana na nta iliyozimwa, mnyororo ni uleule ila wa mfuko ni mrefu mno.

Ila tafadhali acheni. Moshi wake kwenye jiko la ndani ni mbaya kwa kifua, na lile tone likimwangukia mtoto linaganda kwenye ngozi huku bado linaunguza. Kibaya zaidi ni kuchanganya. Mtu anaokota ganda la waya au kipande cha bomba, hiyo ni plastiki nyingine iitwayo PVC, imetoka kwa etheni ambayo hidrojeni moja imetolewa ikawekwa klorini, ukiichoma inatoa gesi ya asidi inayochoma macho na koo. Ukitaka kuzijua weka vipande kwenye beseni la maji, polithini inaelea, PVC inazama. Hata chupa ya maji ya kunywa ukiikatakata utaona kifuniko kinaelea na kipande cha chupa kinazama, ni plastiki mbili tofauti.

Jiko washeni kwa makumbi ya nazi au vijiti vikavu, na liwasheni nje mpaka mkaa ushike.