Je, IP ya kudumu itaongeza kasi ya intaneti yangu?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nakaa Tabata, nina faiba ya megabiti 20 kwa sekunde. Nikipima kasi napata 19, lakini mafaili ya kazi kutoka seva iliyoko London yanashuka kwa megabiti 3 tu. Fundi ananishauri nilipie IP ya kudumu. Itasaidia?

JIBU: Ndugu msomaji, usiilipie kwa sababu hiyo. IP ya kudumu, yaani anwani ya intaneti isiyobadilika, inamfaa mtu anayetaka kuona kamera za nyumbani akiwa safarini, au mwenye seva yake. Fungua ukurasa wa ruta, utazame anwani ya upande wa WAN (upande wa intaneti). Ikianzia 100.64 hadi 100.127, maana yake wewe na wateja wengine mnatumia anwani moja ya nje. Hilo husumbua kamera na michezo. Kasi ya kushusha mafaili kwa kawaida haiguswi.

Ile 19 uliyopima ni ya Tabata hadi mjini, kwani programu za kupima huchagua seva ya karibu. Ichague mwenyewe ya London, upime tena.

Kisha unganisha kompyuta na ruta kwa waya. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, uandike ping -n 100 192.168.1.1 (au anwani ya ruta yako). Amri hiyo huiita ruta mara 100 na kupima inachukua muda gani kujibu. Majibu yawe ya milisekunde 1 hivi, bila pakiti (kipande cha data) hata moja kupotea. Yakiyumba, tatizo limo humo humo ndani. Yakiwa safi, andika tracert -d na jina la seva; amri hii huorodhesha ruta za njiani, kila moja na mstari wake na milisekunde zake.

Hapa wengi hukosea. Mstari mmoja ukionyesha 300, na inayofuata ikarudi 160, uache: ruta hiyo inachelewa kujibu tu, pakiti inazipitisha vizuri. Nyota (*), yaani ruta isiyojibu kabisa, nazo ni vivyo hivyo. Angalia ongezeko linalodumu hadi mstari wa mwisho. Kuruka kutoka 10 hadi 150 au zaidi ni safari ya mkongo wa baharini. Mwanga ndani ya faiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. London iko kilomita 7,500 hivi kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi tu ni milisekunde 75, na mkongo haupiti mstari ulionyooka.

Huenda ndipo 3 yako inapotoka. Seva hutuma fungu la data, husubiri ithibati ya kompyuta yako kwamba limefika, ndipo itume jingine. Fungu la kilobaiti 64 kwa milisekunde 160 ni megabiti 3.2 kwa sekunde, hata ukinunua kifurushi cha 100. Tumia programu inayoshusha faili kwa miunganisho minne au mitano kwa pamoja. Kasi ikipanda, umeupata ugonjwa.

Isipopanda, au ikishuka usiku tu, hifadhi tracert ya saa mbili asubuhi na ya saa tatu usiku, umtumie mtoa huduma pamoja na IP yako na saa kamili. Njia ya kwenda ng'ambo anaipanga yeye, si ruta yako.